Unajiambia nini kabla ya kusimama kuzungumza?

WATU wengi wanajua namna ya kuitunza sauti inayotoka mdomoni. Mtu akipwelewa sauti hutafuta tangawizi, asali na limau, hunyamaza siku mbili, na asipopona huja kwa daktari. Lakini iko sauti nyingine ambayo hatuishughulikii hata kidogo, nayo ni ile ambayo mtu hujisemea nayo moyoni. Sauti hii haipwelewi wala hailali. Huanza asubuhi mtu anapofumbua macho, humfuata kutwa nzima, na hupata nguvu zaidi pale mtu anapotakiwa kusimama mbele ya wenzake na kusema neno.

Hebu mfikirie mtu aliyeketi katika mkutano wa mtaa. Mtaro umeziba, maji machafu yameingia nyumbani mwake mara tatu mwaka huu, na mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye la kusema. Mtu huyu analo. Analijua jambo lile kuliko wote waliokaa mezani. Mkono unaanza kuinuka, na papo hapo anasikia moyoni: "Wewe nani? Hukusoma. Utababaika, watu wacheke." Mkono unashuka. Mkutano unafungwa kwa sala, watu wanatawanyika, na jioni mtu yule yule, akiwa kibarazani pake, anamweleza mkewe kila kitu kwa ufasaha wa ajabu, kuanzia mtaro hadi fedha za mtaro.

Ndugu msomaji, maoni yangu ni kwamba maneno yale aliyojiambia ni jambo la afya, sawa na chumvi anayoitia katika chakula chake. Yanaweza kurekebishwa, na nimeona yakirekebishwa. Lakini hayarekebishwi kwa njia inayopigiwa debe sana siku hizi, yaani kusimama mbele ya kioo na kujiita simba. Nitaeleza kwa nini.

Zahanati ninamofanyia kazi haiko mbali na Kisumu Ndogo, hapa Malindi. Ni mtaa wa nyumba zilizobanana, wenye watu wa pwani na wa bara, wachuuzi, mafundi, waendeshaji bodaboda, wapishi na madobi wa majumba ya watalii. Si watu wanyamavu. Pita hapo jioni usikilize mabishano ya mpira na utajua kwamba uhaba wa maneno si ugonjwa wao. Hata hivyo, wengi wao wakiingia chumbani mwangu na mlango ukafungwa, hunong'ona.

Mama mmoja wa makamo alinijia akilalamika kichwa. Kwa muda wa dakika kumi tulizungumza habari za kichwa. Nikampima shinikizo la damu, nikamwandikia dawa, akaaga. Mkono wake ulipokuwa tayari kwenye kitasa cha mlango akageuka na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Na ile damu je, daktari?" Kumbe alikuwa akitokwa na damu kwa miezi mitano, ilhali hedhi ilikwisha kumkatika miaka mingi nyuma. Hiyo ndiyo iliyomleta. Kichwa kilikuwa hodi tu. Nilipomwuliza kwa upole mbona hakuanza na hilo, alinijibu: "Nilipokuwa nangojea pale nje nilikuwa najiambia, utamwambiaje mwanamume mambo hayo? Atakuonaje?" Tulimpeleka kupimwa siku ile ile, na bahati nzuri alifika mapema.

Damu inayomtoka mwanamke aliyekwisha koma hedhi ni dalili ambayo daktari hawezi kuipuuza hata kidogo, kwa kuwa inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya mlango wake. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zile zinazowaua wanawake wengi zaidi nchini Kenya, na ni miongoni mwa zile zinazotibika vyema zinapowahiwa. Kwa hiyo msomaji anayedhani kwamba kuzungumza kwa ujasiri ni anasa ya mawakili na wanasiasa, namwomba akumbuke kile kitasa cha mlango. Miezi mitano ya mama yule ilipotea kwa sababu ya maneno aliyokuwa akijiambia mwenyewe. Wanaume nao wana mambo yao: wapo wanaozungumza nami habari za mgongo mwezi baada ya mwezi, kumbe shida ni nguvu za kiume, na nyuma ya shida hiyo kuna kisukari ambacho hakijapimwa.

Watu hupenda kusema kwamba ujasiri ni tabia ya kuzaliwa nayo, kama urefu. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu uko ufuoni. Tangu kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kilipojengwa Ngomeni katika miaka ya 1960, Waitaliano wamekuwa wakija Malindi, na wengine walihamia kabisa. Leo utamkuta kijana ambaye hakumaliza shule ya msingi akizungumza Kiitaliano na mgeni bila kujali kanuni yoyote ya sarufi. Akikosea anacheka, mgeni anacheka, na biashara inaendelea. Lakini kijana huyo huyo mwite ofisini kwa mahojiano ya kazi, au mpe nafasi aseme mbele ya chifu, na jasho litamtiririka mpaka kwenye soksi. Ulimi ni ule ule. Kilichobadilika ni maneno ya moyoni. Ufuoni anajiambia, "Huyu atanielewa tu." Ofisini anajiambia, "Nikikosea Kiingereza nimekwisha."

Sasa tuutazame mwili, maana wengi huja kwangu wakidhani wana ugonjwa wa moyo. Mtu anapohisi kwamba anatazamwa na kupimwa na wenzake, ubongo hutoa amri, na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo, ambao mtu anapopumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, hupita mia kwa haraka. Mate hukauka. Viganja hulowa. Tumbo husokota na mtu huona haja ya kwenda msalani ingawa alikwenda sasa hivi. Mikono hutetemeka, na karatasi iliyo mkononi huwatangazia watu wote. Hayo yote ni maandalizi ambayo mwili ungeyafanya kama nyoka angeingia chumbani, na mwili hauna habari kwamba leo si nyoka bali ni mkutano wa wazazi.

Hali hiyo haiui na haidumu. Kwa watu wengi hufika kileleni muda mfupi kabla ya kuanza kusema na katika sentensi za kwanza, kisha huanza kushuka yenyewe. Tatizo hutokea pale sauti ya moyoni inapoitafsiri vibaya. Mtu anausikia moyo ukidunda, anajiambia, "Tayari, nimeshindwa," na maneno hayo yanauogofya mwili zaidi, nao unamwaga adrenalini nyingine. Hofu inazaa hofu. Hapo ndipo mtu hupigwa na bumbuwazi akasahau hata jina la mwenyekiti.

Ni vyema tujiulize sauti hiyo ilitoka wapi, kwa sababu hakuna mtoto anayezaliwa akijiita mjinga. Mara nyingi ukiisikiliza vizuri utagundua kwamba si sauti yako. Ni ya mwalimu fulani, au mjomba, au wanafunzi waliocheka siku ile. Sisi tulio na miaka arobaini na zaidi tulisoma wakati ambapo fimbo ilikuwa halali shuleni. Ilipigwa marufuku mwaka 2001. Katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama alivikwa kibao au mfupa shingoni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza desturi hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, na si wachache wanaoikumbuka kwa ngozi zao. Mtoto aliyejifunza kwamba kufungua mdomo huleta fimbo, ukubwani hahitaji mtu wa kumnyamazisha. Anajinyamazisha mwenyewe.

Hapa Pwani tuna jambo la ziada, nalo ni haya. Sipendi kuwasikia watu wakiisema vibaya. Haya ni nguo njema, na mtu asiye nayo hukaa vibaya na majirani. Lakini haya humzuia mtu kutukana wakubwa na kujianika ovyo. Haimkatazi mama kumwambia daktari anatokwa na damu, wala haimkatazi mjane kuuliza jina lake limeondokaje katika orodha ya mashamba. Tunapoliita woga kwa jina la haya tunaionea haya yenyewe.

Kujisifu hakutoshi

Fikra ya kujitibu kwa maneno si ngeni. Katika miaka ya 1920 alivuma sana mfamasia mmoja Mfaransa wa mji wa Nancy, Émile Coué, aliyeishi kuanzia 1857 hadi 1926. Yeye aliwafundisha watu wajiambie asubuhi na usiku kwamba kila siku, kwa kila hali, wanazidi kuwa bora. Walitakiwa wayarudie maneno hayo mara ishirini, na ili wasipoteze hesabu walitumia uzi wenye mafundo ishirini, karibu na tunavyoitumia tasbihi. Alisifiwa Ulaya na Marekani. Wengi wa wanaouza semina za kujiamini leo katika kumbi za hoteli wanauza uzi ule ule wa Coué, na sidhani wanajua.

Je, unafaa? Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, walilichunguza swali hilo. Waliwaambia watu wajirudierudie moyoni kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijithamini tangu awali walinufaika kidogo. Wale waliokuwa wakijidharau, yaani wale hasa ambao dawa hii hutengenezewa, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakujirudia maneno hayo. Mimi sikushangaa. Mtu anayetetemeka ukimwambia aseme "mimi ni simba", kitu cha kwanza atakachosikia moyoni ni jibu: "Simba gani wewe?" Nafsi si mtoto mdogo wa kudanganywa kwa peremende. Inajua kumbukumbu zako zote na itakuletea ushahidi.

Kwa hiyo ninachowaambia wagonjwa wangu ni kwamba neno zuri la kujiambia ni lile ambalo nafsi haiwezi kulipinga. Liwe kweli, na liwe juu ya jambo lenyewe badala ya sifa zako. Usijiambie, "Mimi ni msemaji hodari." Jiambie, "Mtaro huu nimeuona ukiziba tangu mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023." Hilo hakuna sauti ya kulibisha. Usijiambie, "Siogopi." Unaogopa, na magoti yanajua. Jiambie, "Moyo unanidunda kwa sababu jambo hili ni kubwa kwangu."

Badiliko hilo dogo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha uchunguzi wake juu ya watu waliotakiwa kutoa hotuba. Waliojiambia kwamba wana shauku walihutubia vizuri zaidi, kwa maoni ya waliowasikiliza, kuliko waliojiambia kwamba wametulia. Sababu yafahamika kwa daktari yeyote. Moyo unaokwenda mbio huwezi kuuambia utulie ukakutii, lakini unaweza kuupa kazi. Woga na shauku hupiga moyo kwa namna moja, na tofauti kubwa iko katika jina tunaloipa hali hiyo.

Mwaka huo huo, Ethan Kross na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa jambo jingine ambalo nimelijaribu kwa wagonjwa wengi na kulipenda. Watu walipewa dakika tano tu za kujiandaa kuhutubia mbele ya wapimaji. Baadhi yao waliambiwa waifikirie hofu yao wakitumia neno "mimi". Wengine waliambiwa watumie majina yao wenyewe, kama kwamba wanazungumza na mtu mwingine. Waliotumia majina yao walisema vizuri zaidi, na walipomaliza hawakuteswa sana na aibu. Naona siri iko hapa: tunapozungumza na nafsi zetu tunakuwa wakali kama askari jela, lakini tukizungumza na mdogo wetu aliyeogopa tunakuwa watu wa busara. Jina lako hukufanya ujione kama mdogo wako. Wachukuzi wa mizigo sokoni nimewasikia mara nyingi wakijihimiza kwa majina yao, na hakuna aliyewafundisha.

Basi kama jina lako ni Kadzo, na mkutano ni juu ya mtaro, nakushauri ujiambie hivi ukiwa bado umekaa: "Kadzo, moyo unakudunda kwa kuwa watoto wako wameugua matumbo. Umekaa hapa miaka kumi na minane. Pale mtaro ulipoziba unapajua. Una mambo mawili ya kuuliza: ulizibuliwa lini mara ya mwisho, na fedha zake zimekwenda wapi. Uyaulize, kisha ukae." Hakuna sifa hata moja humo. Kuna ukweli na kuna kazi. Na ukumbuke umeambiwa "kisha ukae". Wengi hubabaika kwa kuwa wanadhani wanatakiwa kuhutubia kama mbunge, na hali wanatakiwa kuuliza maswali mawili.

Liko jambo la kujiambia ambalo humsaidia hasa yule anayeona haya ya kutetemeka. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003, huko Marekani, kwamba msemaji huamini wasikilizaji wanaiona hofu yake yote, ilhali wao huiona kidogo tu. Zaidi ya hayo, wasemaji walioelezwa ukweli huo kabla ya kuanza walisema vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakuelezwa. Moyo unaokusumbua wewe kama ngoma, jirani yako wa kushoto hausikii. Karatasi tu ndiyo mchongezi. Iweke mezani au ishike kwa mikono miwili.

Na kama kinachokutia hofu ni lugha, basi ujue kwamba Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yawashirikishe wananchi katika kazi zao. Hakuna mahali paliposemwa kwamba wananchi hao washirikishwe kwa Kiingereza cha kusafishwa.

Mdomo nao uzoee

Maneno ya moyoni peke yake, hata yakiwa mazuri namna gani, hayamtoshi mtu ambaye mdomo wake haujawahi kuyatamka. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaofanya ujasiri kuwa jambo la fikra tupu. Sema kwa sauti. Mwendeshaji bodaboda anayo nafasi nzuri kuliko wote, kwa kuwa akiwa na helmeti hakuna anayemsikia. Mwingine amwambie mkewe anapokuna nazi, au dada yake wanapongojea maji bombani. Sentensi ya kwanza uijue kwa moyo, yaani jina lako na unakokaa, kwa sababu ndiyo utakayoisema wakati adrenalini iko juu kabisa. Zinazofuata usizikariri, ukizikariri na neno moja likapotea, yote hupotea. Kabla ya kuinuka, vuta pumzi ya kawaida kisha uitoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulioivutia, mara tatu au nne. Utoaji huo mrefu husaidia kuushusha mwendo wa moyo.

Malindi tunayo sanamu ya Mekatilili wa Menza katika bustani iliyopewa jina lake, na watoto hupigia picha hapo. Tunamsimulia kama kwamba alizaliwa haogopi. Mwaka 1913 alisimama mbele ya afisa wa Kiingereza, Arthur Champion, aliyetaka vijana wa Kigiriama na kodi, na inasimuliwa kwamba alileta kuku na vifaranga vyake ili amwonyeshe yatakayompata mtu anayechukua mtoto wa mwenziwe. Oktoba mwaka huo alikamatwa, akapelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, na mwaka 1914 wakatoroka wakarudi. Lakini tusisahau lililotangulia. Kabla ya baraza lile Mekatilili alikuwa amezunguka kijiji hadi kijiji akicheza ngoma ya kifudu na kuzungumza na watu. Neno lile lile alikuwa amelisema mara nyingi mbele ya watu wa kwao. Alipolifikisha mbele ya Champion lilikuwa limekwisha lainika kinywani. Mimi kama daktari hilo ndilo linalonivutia katika habari yake, kuliko hata yule kuku.

Wako wanaotafuta njia ya mkato. Mmoja hutafuna muguka kabla ya kwenda kwenye mahojiano ili "afunguke". Muguka, ambao serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilijaribu kuupiga marufuku Mei 2024 mpaka jambo likafika mahakamani, huongeza mapigo ya moyo na hukausha mdomo. Kwa maneno mengine, humpa mtu zile zile dalili alizokuwa akizikimbia. Mnazi hulegeza ulimi, kweli, lakini huondoa breki pia, na nimewatibu watu waliosema kwa ujasiri wa mnazi wakapigwa. Kisha kuna wanaonunua propranolol, dawa ya moyo ambayo huzuia mapigo na mitetemeko. Ni dawa nzuri ikitolewa na daktari kwa anayestahili. Mwenye pumu akiinywa anaweza kubanwa na kifua akafa, na mwenye kisukari anayetumia insulini inaweza kumfichia dalili za sukari kushuka. Si dawa ya kuazimana kama chaja ya simu.

Isitoshe, tusimtwike msemaji mzigo wote. Mwenyekiti anayesema "fupisha, mama, fupisha" kabla mama hajamaliza salamu anajenga sauti mbaya katika moyo wa kila mwanamke aliyekaa pale, na mwaka ujao atalalamika kwamba wananchi hawajitokezi. Wenzangu katika udaktari hawajasalimika. Howard Beckman na Richard Frankel waliwapima madaktari huko Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1984: kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18. Katika sekunde 18 mama yule wa kitasa asingefika hata kwenye kichwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Kwa maoni yangu inamtaka pia asikilize kwa lugha hiyo. Ukija kwa daktari, andika mambo yako mawili katika karatasi, anza na lile linalokutia haya zaidi, na kama ulimi umegoma kabisa mpe karatasi aisome. Mimi hupewa karatasi kama hizo, na huzisoma.

Mwisho nitaje hali ambazo haya niliyoyaeleza hayatoshi. Ikiwa moyo unakwenda mbio hata ukiwa umelala, ukikonda bila sababu, mikono ikitetemeka kutwa na joto likikuzidi wakati wenzako wanaona baridi, njoo upimwe tezi ya shingo. Ikiwa unachoka na kuhema kwa kazi ndogo, upimwe damu. Kijana aliyeacha masomo au kazi ili asizungumze mbele ya watu, au asiyeweza kula mbele ya wageni, ana ugonjwa unaojulikana na unaotibiwa, kwa mazungumzo na mtaalamu na wakati mwingine kwa vidonge. Kumwambia "jikaze kisabuni" hakumsaidii.

Kigugumizi nacho ni jambo tofauti kabisa. Hakitokani na woga wala na upungufu wa akili, ingawa kuchekwa hukizidisha. Usimmalizie mwenye kigugumizi maneno yake na usimwambie apumue kwanza. Mtazame usoni kama unavyomtazama mtu mwingine, na umpe muda. Mzazi ambaye mtoto wake amefika umri wa kwenda shule na kigugumizi hakijamwacha asisubiri akue nacho. Wataalamu wa matamshi ni wachache nchini lakini wapo, na daktari wa zahanati yoyote anaweza kumwandikia barua ya kumpeleka.